Mashine ya wembe ya mshazari: ipi kwa mwenye ndevu za kujiviringa?

SWALI: Shikamoo mzee wangu. Naishi Nkuhungu hapa Dodoma, kazi yangu ni ulinzi kule Mtumba. Asubuhi kuna ukaguzi na ndevu hazitakiwi kuonekana. Miaka yote nanyoa kwa zile nyembe za plastiki za kutupa, na shingo imejaa vipele. Vingine vimeshaacha alama nyeusi. Kaka yangu anasoma Ujerumani, Desemba anakuja likizo. Anasema huko kuna mashine za wembe ambazo kichwa chake kimekaa upande, eti hakuna inayonyoa kuzishinda. Amenitajia tatu: Merkur 37C, Fatip ya Italia na Parker Semi Slant. Ipi inanyoa karibu zaidi na ngozi bila kuumiza? Baba yetu mdogo naye anataka ya kwake. Yeye ndevu zake ni ngumu ajabu, lakini zimenyooka na hajawahi kupata kipele hata kimoja.

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Nianze na jibu lenyewe ili kaka yako asihangaike: wewe akuletee Parker, baba yako mdogo amletee Merkur. Fatip iacheni kwanza. Sasa nieleze sababu, maana ukiipokea mashine mpya ukaitumia kwa mkono uleule uliozoea plastiki, shingo yako itabaki vilevile.

Umeomba vitu viwili kwa pamoja: kunyoa karibu kabisa na ngozi, na kutoumia. Kwa baba yako mdogo vitu hivyo vinakaa nyumba moja bila shida. Kwako wewe vinagombana, na ugomvi wao ndio hivyo vipele.

Unywele wako unaota ukiwa umejipinda tangu ndani ya ngozi. Ukiukata, ncha yake inabaki imechongoka. Hapo kuna njia mbili za kupata kipele. Ya kwanza, unywele unatoka nje, unaota kidogo, unajiviringa na kuichoma ngozi pembeni ya tundu ulilotokea. Ya pili ndiyo mbaya zaidi: unapoivuta ngozi ikanyooka sana, au unaponyoa kinyume na uelekeo wa ndevu, unywele unakatwa ukiwa umevutwa nje. Ukiiachia ngozi, ncha inarudi chini ya usawa wa ngozi, na kwa kuwa unywele umejipinda, haitafuti tena tundu lake. Inatoboa ukuta wa tundu kutokea ndani. Mwili unauona unywele huo kama mwiba, unavimba, unatunga usaha, na ukipona unaacha weusi. Wenye nywele za kipilipili ndio tunaopata zaidi shida hii, na hakuna uchafu wowote ndani yake, hata kama watu wa kijiweni watakwambia hujui kuoga.

Nyembe za plastiki zenye makali mawili au matatu zinaongeza tatizo hilo kwa makusudi. Gillette walileta wembe wa makali mawili, Trac II, mwaka 1971, na wazo lake ni kwamba kali la kwanza linaugusa unywele na kuuvuta juu, kisha la pili linaukata kabla haujarudi. Kwa mtu wa nywele zilizonyooka ni raha tupu. Kwako ni sawa na kuagiza vipele kwa pesa yako mwenyewe. Kwa hiyo kaka yako amekushauri vizuri kwenye jambo moja kubwa: rudi kwenye wembe mmoja, ule wa pande mbili ambao King Gillette alipewa hati yake ya ubunifu Marekani mwaka 1904, na ambao mpaka leo unauzwa dukani kwa Mangi ukiwa kwenye kipakiti cha karatasi.

Sasa huo mshazari, yaani kichwa kukaa upande kama alivyosema kaka yako. Katika mashine ya kawaida wembe umelala sambamba na kichwa, na ukishusha mkono makali yanagonga unywele moja kwa moja. Mtazame muuza miwa pale stendi: hapigi panga kuukata mua wima, analilaza upande, na mua unakatika bila yeye kutumia nguvu. Mashine ya mshazari inafanya hivyo kwa kila unywele. Mkono wako unashuka wima, lakini makali yanapita kwa kuteleza badala ya kugonga, na nguvu inayohitajika kuanza kukata inapungua. Unywele mgumu haupati nafasi ya kuvutwa kabla ya kukatika.

Mashine nyingi za aina hii zina jambo la pili. Bamba la juu na la chini yametengenezwa yakiwa yamepinda, kwa hiyo unapokaza mpini, wembe nao unasokotwa kidogo. Wembe wa pande mbili ni mwembamba sana, kama sehemu moja ya kumi ya milimita, na kwenye mashine hafifu unatetemeka ukikutana na ndevu ngumu. Mtetemo huo ndio unaousikia kama mkwaruzo. Uliosokotwa unakakamaa, hautetemeki. Ndiyo maana wenye ndevu ngumu wakishaijaribu hii hawarudi nyuma.

Tuje kwenye mashine zenyewe.

Merkur 37C inatoka Solingen, mji wa Ujerumani unaojulikana kwa visu na nyembe. Kati ya mashine za mshazari zinazouzwa leo, hii ndiyo wengi wanayoitumia kupimia nyingine. Mpini wake ni mfupi na mnene, uzito wake unakaa kichwani, na wembe umesokotwa waziwazi. Ukali wake ni wa kati kuelekea juu, ila ni ukali wenye adabu: usipoikandamiza, haikukati. Ipo ndugu yake, 39C, yenye kichwa cha namna hiyohiyo na mpini mrefu mzito. Mwenye viganja vikubwa ataipenda, mimi naiona nzito mno kwa kazi ya shingoni. Kitu kimoja ukijue: Merkur hizi zimetengenezwa kwa aloi ya zinki iliyopakwa kromu. Kromu ikichubuka, kwa mfano ikianguka kwenye sakafu ya saruji, chuma cha ndani kinaanza kuliwa na maji. Nitarudi kwenye maji.

Fatip ni shaba ya njano chini ya upako wake, imara, na bei yake huwa nafuu ukilinganisha na uimara huo. Lakini Fatip wana tabia ya kuacha makali wazi zaidi. Mtu aliyezoea mashine hizi atafurahi. Mtu anayetoka kwenye plastiki, ambako amejifunza kukandamiza, atajichana wiki ya kwanza. Sijasema ni mbaya. Nasema si ya kujifunzia, na hasa si ya shingo yenye vipele.

Parker Semi Slant inatengenezwa India. Kama jina lenyewe linavyodokeza, mshazari wake ni mdogo. Faida ya kuteleza ipo, unaisikia, ila haifiki kiwango cha Merkur, na makali hayajitokezi sana. Wanaozikusanya mashine hizi huibeza kidogo wakisema haijaamua kuwa mshazari au ya kawaida. Kwako huko kutoamua ndiko ninakokutaka. Inakuruhusu kukosea pembe kidogo bila kulipa kwa damu.

Nyingine utakazozisikia ukianza kupekua: RazoRock Wunderbar ya chuma kisichoshika kutu, ambayo wembe wake umesokotwa sana na ni kali, iKon 102 yenye kichwa cha aluminiamu, nyepesi na tulivu, na Yaqi za China, za bei ya chini, za aloi ya zinki kama Merkur. Hiyo iKon ningeiweka karibu na Parker kwa upole, kama kaka yako ataiona kwa bei inayovumilika. Wunderbar mwambie aipite.

Siku utakayoipokea, ukiweka wembe utadhani umeuziwa mbovu. Ukiitazama kwa mbele, kona moja ya makali imejitokeza zaidi na kona ya pili imejificha, na uwazi kati ya wembe na kizuizi cha chini ni mpana kwenye kona moja, mwembamba kwenye nyingine. Igeuze uone upande wa nyuma: lazima uone hivyohivyo, kona ileile ya kulia au kushoto. Pande mbili zikifanana, wembe umekaa sawa. Zikitofautiana, legeza, bonyeza mabamba kwa vidole kwenye ncha fupi za wembe, kaza tena. Usijaribu kuunyoosha wembe kwa kidole. Nimeona vijana wakifanya hivyo, na kidole hakishindi wembe. Kosa jingine la siku ya kwanza ni kuuinamisha mkono ili “kufidia” mshazari. Mkono ushuke wima kama na mashine yoyote. Kuinama ni kazi ya kichwa cha mashine.

Na sasa ndipo penye jambo ninalotaka ulishike kuliko jina la mashine. Mashine ya mshazari inakata vizuri kiasi kwamba ukiipitisha mara moja tu, kwa kufuata uelekeo wa ndevu, unaweza kupata kile ambacho mashine ya kawaida ingekupa kwa kupitisha mara mbili. Watu wengi wakiiona nafuu hiyo wanaitumia kwenda mbali zaidi: wanapitisha ya pili kwa ubavu, ya tatu kinyume, mpaka shavu linakuwa laini kama la mtoto. Baba yako mdogo afanye hivyo akitaka, ngozi yake itamruhusu. Wewe ukifanya hivyo utakuwa umenunua kwa gharama kubwa vipele vilevile vya plastiki. Pitisha mara moja, acha. Ukipapasa utasikia ukwaru kidogo chini ya kidole. Mkaguzi wako anatazama kwa macho. Kwa umbali wa hatua mbili hataona kitu.

Uelekeo wa ndevu usiukisie. Acha ziote siku mbili za mapumziko, kisha papasa kwa kidole: upande unaoteleza ndio uelekeo wake, unaokwaruza ni kinyume. Shingoni ndiko watu wanakokosea. Wengi wetu ndevu za chini ya taya haziendi chini moja kwa moja. Zinalala upande kuelekea sikioni, na karibu na koo zinaweza hata kupanda juu. Mtu anashusha wembe kutoka tayani mpaka kooni akidhani anafuata uelekeo, kumbe nusu ya njia anakwenda kinyume. Chukua kalamu, jichoree ramani ndogo ya shingo yako, ubandike karibu na kioo. Mke wako atacheka, mwache acheke.

Ngozi usiivute ikanyooka. Ishikilie tu isicheze. Na usikandamize hata kidogo, uzito wa chuma unatosha. Michirizi iwe mifupi, ya sentimita mbili tatu, ukisuuza wembe kila baada ya michirizi kadhaa.

Maji. Maji yetu mengi ya bomba hapa mjini yanatoka visima vya Makutupora, na yana madini mengi. Tazama ndani ya birika lako uone ule utando mweupe ulioganda. Madini hayo yanakula sabuni. Unasugua brashi, povu linatoka jepesi, linakauka shavuni kabla hujamaliza upande mmoja, na hasa Julai upepo ukiwa mkavu. Mtu analaumu mashine kumbe ni povu. Dawa yake ni rahisi kwa sababu povu la kunyolea linahitaji maji kidogo mno, hayafiki nusu kikombe. Chemsha maji, yaache yatulie, tumia ya juu. Msimu wa mvua kinga ya bati kwenye ndoo safi. Au chota kikombe kwenye lile dumu la maji ya kunywa. Kwa kuosha uso na kusuuza mashine maji ya bomba yanafaa tu. Na sabuni iwe ya kunyolea, ya mche au ya kopo, inayotoa povu zito lenye utelezi. Sabuni ya kufulia au ya kuogea inakausha.

Kabla ya povu, uso uwe umelowa dakika tatu hivi kwa maji ya uvuguvugu. Unywele mkavu ni mgumu, ukinywa maji unalainika sana. Ukinyoa baada ya kuoga umemaliza kazi hiyo bila kuongeza dakika hata moja.

Nyembe. Usianze na Feather ya Japani, hata kama kaka yako atakuletea kwa upendo. Ni kali kuliko unavyohitaji kwenye mashine ambayo tayari inarahisisha kukata. Astra ya kijani, au Topaz hizi za madukani, zinatosha. Pakiti zikiuzwa kwa bei ya ajabu na maandishi yake yamefifia, ziache. Kwa ndevu za kipilipili wembe mmoja badili baada ya kunyoa mara tatu au nne, hata kama unaona bado unakata, kwa sababu wembe butu ndio unaovuta. Na usimwazime mtu mashine yako ikiwa na wembe ndani, awe ndugu, awe rafiki wa zamu. Damu usiyoiona inabeba homa ya ini na VVU. Wembe uliotumika uweke kwenye kopo la bati ulilotoboa juu, usiutupe wazi kwenye mfuko wa taka. Kuna mtu atakayeushika mfuko huo.

Ukimaliza, maji ya baridi, kisha kipande cha shabu kilicholowa ukipitishe taratibu. Kikichoma mahali fulani, hapo ulikandamiza; kesho utajua. Spiriti ya saluni iachie saluni, kwa hewa kavu ya Dodoma inapasua ngozi. Mafuta yasiwe mazito: yale ya mgando yanaziba shingo yenye vipele. Matone mawili ya alizeti iliyochujwa vizuri yanafanya kazi, na hiyo hatuagizi Ulaya, Singida na Kibaigwa zipo.

Mashine nayo ifungue, isuuze, ikaushe kwa kitambaa na kuitoa bafuni. Hii inamhusu zaidi baba yako mdogo na Merkur yake, kwa sababu niliyoitaja ya zinki. Utando mweupe ukianza kuganda kwenye mabamba, sugua kwa mswaki wa zamani na sabuni. Watu huloweka kwenye siki au ndimu usiku kucha. Kwa shaba na chuma kisichoshika kutu ni sawa ukiweka dakika chache, kwa aloi ya zinki usithubutu kulaza.

Sasa la mwisho kwa wewe mwenyewe, na hili halisubiri Desemba. Usiipeleke mashine mpya kwenye shingo iliyovimba. Vipele vikiwa vibichi, wembe wa aina yoyote utavikata vichwa. Kati ya sasa na likizo ya kaka yako tumia mashine ya umeme ya kinyozi, bila kuibana kwenye ngozi, ikuache na ndevu za nusu milimita hadi milimita moja. Wiki tatu hadi nne hivi zinatosha kwa wengi ngozi kutulia na nywele zilizozama kujitokeza. Unywele ukiuona umejikunja juu ya ngozi, unyanyue kwa sindano iliyochemshwa, uuache hapo. Usiung’oe, ukiota upya utazama tena. Kazini waeleze, na wakikataa, nenda hospitali upate cheti cha daktari. Tatizo hili linajulikana kwa madaktari wa ngozi, hutaonekana mtu wa visingizio.

Na daktari huyo muone bila kuchelewa kama vipele vinatoa usaha kila wiki, au kama hizo alama zinaanza kuinuka na kuwa ngumu kupita ukubwa wa kidonda. Hayo ni makovu yanayokua, na hapo hakuna mashine, iwe ya mshazari au ya wima, itakayokusaidia. Usijipake krimu za kung’arisha za vichochoroni ili kuondoa weusi. Nyingi zina dawa kali zinazoifanya ngozi iwe nyembamba mpaka wembe unaichubua kwa kuigusa tu.

Mwambie kaka yako mashine na nyembe aziweke kwenye begi kubwa linaloingia chini ya ndege. Nyembe akizibeba mkononi zitachukuliwa kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege, na wewe utabaki na mpini mzuri usio na kitu cha kuweka ndani.